Zamu ya Fidea

Nilifika Newala na tepu ya mita hamsini,
penseli tatu, na mchoro uliokwisha kupitishwa:
sanamu ya mwanamke na mtungi,
viti vya marumaru, taa ishirini na nne,
katikati chemchemi.
Chemchemi!
Mji uko juu ya mchanga mwekundu,
mvua ikinyesha inazama kama siri,
nami nimewaletea maji ya kurusha angani.

Uwanja wenyewe ulikuwa vumbi,
bomba moja lililokauka koo,
na mawe.
Yamefuatana toka bombani hadi ukuta wa ghala la korosho,
mia na kumi na saba, nilihesabu mara mbili,
kisha nikaandika daftarini: kifusi, kiondolewe.

Somoe Nampunju, muuza ming'oko,
aliniona nikisogeza moja kwa ncha ya kiatu.
"We fundi," akasema, "hilo ni la mtu."

Maji yalikuja Jumanne, au hayakuja.
Nani angesimama siku mbili na mtoto mgongoni?
Uliokota jiwe, ukaliweka nyuma ya jiwe la mwenzio,
ukaenda shamba, ukaenda kuzika, ukaenda kujifungua.
Jiwe lilikusimamia.
Watu waliibiana kuku,
waliibiana waume,
zamu hawakuibiana.

"Lile la mstari wa buluu la Mwalimu Likwena.
Hili bapa la mapacha wa kwa Mchopa, walichangia.
Lililopasuka la Abilahi: hata jiwe lake lilikuwa na haraka.
Na hili la saba,
jeusi, kama andazi lililoungua,
la Fidea."

Akanyamaza. Akapanga ming'oko upya,
iliyokwisha kupangika.

Fidea hakungoja. Mtoto alikuwa na homa.
Akashika njia ya bondeni usiku, peke yake, na ndoo.
Asubuhi walipandisha ndoo kwanza.
Na bomba, lisilo na haya, likafunguka siku ile ile.
Wakakinga sita.
Wa saba hakuwapo.
"Wa nane akasogea, akakinga.
Wa nane mimi."

Gesti, chini ya taa iliyokuwa ikikonyeza,
nikafuta chemchemi.
Nikafuta mwanamke na mtungi wake;
uso wake ulikuwa wa mtu asiyewahi kuchoka.
Makombo ya raba yakajaa kitandani.

Kikao cha mchoro mpya kilichukua saa tano.
Diwani alitaka sanamu, basi hata ndogo.
Vijana walitaka goli. Mama lishe walitaka kivuli
na mahali pa kumwaga maji ya vyombo.
Mtu akauliza, mawe haya mtalii atayaelewa?
Nami nikasema tutayajengea kwa saruji, yasiibiwe.
Ukumbi mzima ukaniguna.
"Jiwe la zamu husogea, fundi.
Ukiligandisha, umelizika."

Basi tukachimba mfereji mpana, wa kina cha kiganja,
mawe yakalala humo huru.
Kandoni turubai za mama lishe,
upande wa ghala goli moja (moja tu, ndilo lililotosha),
na benchi la mbao linalofuata foleni
ili anayekaa akae karibu na jiwe la mtu wake.
Watoto huyachezea. Jioni mtu huyarudisha.
Sijui nani.

Siku maji ya mradi yalipofunguliwa
hapakuwa na foleni. Koki nne, presha ya kutosha,
watu wakikinga huku wakicheka.
Somoe alikuja na ndoo ya bati
akasimama nyuma ya jiwe la saba.
"Bi Somoe, pita, pako wazi."
"Bado si zamu yangu," akajibu.

Akamwita mjukuu afungue koki.
Maji yakamwagika chini bila chombo, ndoo nzima kwa kukisia,
mchanga ukayanywa yote.
Mtu wa mradi alifungua mdomo, akaufunga.

Ndipo Somoe akainama,
akasogeza jiwe jeusi pembeni kwa mikono miwili,
taratibu, kama anayempisha mtu aliyebeba,
akasogea,
akakinga.